Ukimtafuta Taylor Swift mtunzi, msikilize kwenye briji

Albamu ya tatu ya Taylor Swift, Speak Now, iliyotoka tarehe 25 Oktoba 2010, ina nyimbo 14 na mtunzi mmoja. Jina la pili hulioni popote. Nashville, kitovu cha muziki wa kantri Marekani, ni mji ambao watunzi hukutana ofisini asubuhi, wawili wawili au watatu watatu, wakakaa na magitaa yao mpaka wimbo upatikane. Albamu nzima ya mtu mmoja si jambo la kila siku hata kwa mkongwe, na Swift alikuwa na miaka 20.

Albamu yake ya kwanza, ya Oktoba 2006, ilikuwa na nyimbo 11. Tatu aliziandika peke yake, na saba zina jina la Liz Rose, mtunzi wa Nashville aliyemzidi umri kwa mbali. Ya pili, Fearless ya Novemba 2008, ilikuwa na nyimbo 13, saba zikiwa za kwake mwenyewe. Zipange hesabu hizo: 3 kati ya 11, 7 kati ya 13, kisha 14 kati ya 14. Unapata hadithi tamu ya binti anayejikwamua, na ndiyo iliyouzwa. Ilikuwa na sababu yake. Fearless ilipotwaa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka, tarehe 31 Januari 2010, minong'ono ilizagaa kwamba kazi ile ni ya watu wazima na binti kaweka sura tu. Nyimbo 14 bila msaidizi zilikuwa jibu.

Ila kujibu minong'ono si kukomaa. Mtu anaweza kuandika peke yake miaka 40 na akabaki palepale. Kwa Swift, ukomavu unasikika kwenye kipande kimoja cha wimbo, kile kinachokuja baada ya kiitikio cha pili, ambacho wanamuziki wetu nao wamezoea kukiita briji. Na haukukamilika mwaka 2010. Ulikamilika pale alipompigia simu tena Liz Rose.

Tuanze na fundi alipokuwa mwanafunzi. Wimbo uliomtambulisha, Tim McGraw, unakwenda kwa kodi nne (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), za gitaa si za TRA: C, Am, F, G. Ni mzunguko ambao kwaya yoyote ya vijana inaujua. Beti zake zimejengwa kwa vitu: gari la Chevy, nyota za Georgia, suruali ya jinzi iliyopauka, gauni jeusi. Kila kimoja ni sahihi na kila kimoja kinaonekana, lakini hakuna kinachofanya kazi mara mbili. Vimepangwa kama bidhaa kwenye rafu. Kosa hili ni la watunzi wote wanaoanza, wa kantri na wa Bongo Fleva sawia: wameambiwa waandike vitu halisi, wakaandika orodha. Kitu kwenye wimbo kinapata uzito kinaporudi kikiwa kimebadilika maana. Swift alilijua hilo miaka sita baadaye, na tutafika.

Hata hivyo kipaji cha kupanga kisa kilikuwapo tangu mwanzo. Our Song, aliouandika peke yake kwa ajili ya onyesho la vipaji shuleni akiwa kidato cha kwanza, unaishia na msichana akiuandika wimbo uleule tunaousikia. Nyoka anauma mkia wake. Ni mbinu ya mtu anayefikiria wimbo mzima kabla ya kuandika mstari wa pili, na ndiyo iliyoufikisha namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, mwishoni mwa 2007.

Sasa weka nyimbo mbili pamoja, Love Story ya 2008 na Mine ya 2010. Zote aliziandika peke yake, zote mbili zilifungua kampeni ya albamu, na zote zina hila moja: kiitikio cha mwisho msichana anamwachia mwanamume maneno. Tulichozoea kukisikia kwa sauti ya msichana, sasa anakisema yeye. Hapo ndipo zinapofanana, na tofauti yake ni darasa tosha.

Love Story uko kwenye ufunguo wa D, yaani noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Briji inamweka msichana kwenye ukingo wa kukata tamaa, kisha kijana anapiga goti, na muziki wote unapanda hatua nzima hadi E. Kupandisha ufunguo ni silaha ya zamani. Kila mwalimu wa kwaya anaijua, na kila mwalimu wa kwaya ameshaitumia pale ambapo wimbo ulikuwa umeishiwa. Inafanya kazi kwa sababu ya mwili: waimbaji wanakaza koo, msikilizaji anainua kidevu. Lakini angalia kinachotokea kwenye kisa. Pingamizi la baba, ambalo ndilo lililobeba wimbo mzima, linaondolewa kwa nusu mstari: kijana kaongea na baba, mambo yamekwisha. Hatujui kaongea nini. Ufunguo unapanda ili tusiulize. Ni wimbo mzuri sana, sitaki kueleweka vibaya, ila mwisho wake umebebwa na muziki, kisa chenyewe hakijaufikia.

Mine unabaki kwenye G mwanzo hadi mwisho. Unaanza na binti wa baba asiyejali, mtu aliyejifunza nyumbani kwamba mapenzi hayadumu. Hiyo hofu inatajwa kwenye ubeti, inazimwa na kiitikio, tunaisahau. Kisha briji: ugomvi, saa nane na nusu usiku, msichana anakimbilia barabarani akilia, akijiandaa kuagwa kwa sababu kuagwa ndiko anakokujua. Mwanamume anamfuata na kumrudishia kiitikio, kile kile cha kukaa karibu na maji, lakini sasa kinajibu hofu ya ubeti wa kwanza. Hakuna ufunguo uliopanda, kwa kuwa haukuhitajika. Mwisho umelipiwa na kilichotangulia.

Hiyo ndiyo kazi ya briji. Mtunzi mchanga huiona kama mahali pa kupumzisha sikio kabla ya kiitikio cha mwisho: anabadili kodi mbili tatu, anaongeza ngoma, anarudi. Anayeijua huitumia kuleta habari ambayo ikishasikika, kiitikio hakiwezi tena kumaanisha kilichomaanisha dakika moja nyuma, hata kama hakuna neno lililobadilishwa.

Na wakati mwingine anabadilisha neno moja. Dear John, wimbo wa polepole wenye gitaa la bluzi linalojikokota kwa mapigo ya 6/8, una kiitikio ambacho msichana anajilaumu mara kwa mara: alipaswa kujua. Mwishoni kiwakilishi kinageuka, na sasa ni yule mwanamume aliyepaswa kujua. Lawama imepata mwenyewe mwingine. Kwa Kiswahili tungebadili silabi moja ya kiambishi, kwa Kiingereza ni neno moja, na wimbo mzima unapinduka.

Mwelekeo wa lawama ndicho kipimo kizuri zaidi cha nyimbo zake za miaka hii. Kwenye albamu mbili za kwanza mkosaji karibu daima yuko nje: kijana mwongo, msichana wa sketi fupi, mji usioelewa. Back to December, wa Speak Now, ndio wimbo unaovunja zoea hilo waziwazi. Safari hii aliyekosa ni msimuliaji. Alipewa maua akayaacha yanyauke, na anarudi kuomba radhi akijua huenda mlango una mnyororo. Hauna ushindi wowote. Violini zilizopangwa na Paul Buckmaster zinaingia kwa heshima na kumwacha aseme. Msichana mwenye hadhira iliyozoea kumshangilia anapokasirika, kumpa hadhira hiyohiyo wimbo wa kuungama ni hatua ya mtu mzima.

Tusimpambe kupita kiasi. Albamu hiyohiyo ina Better Than Revenge, wimbo wa kumshambulia msichana aliyemnyang'anya mpenzi, wenye mstari wa kumdhalilisha ambao Swift mwenyewe aliubadilisha alipourekodi upya mwaka 2023. Gitaa lake la roki ni zuri, briji yake haina lolote: inarudia tusi kwa sauti ya juu. Ukomavu haukuja kwa wimbo mmoja hadi mwingine kwa mstari ulionyooka. Ulikuja kama meno ya mtoto, huku limetoka, huku bado fizi.

Kasoro kubwa zaidi ya Speak Now, hata hivyo, ni urefu. Albamu ya kwanza ilikuwa na wastani wa takriban dakika 3 na sekunde 40 kwa wimbo. Speak Now inakaribia dakika 4 na sekunde 50. Nyimbo 5 kati ya 14 zinavuka dakika 5. Dear John na Last Kiss zinavuka 6. Urefu wenyewe si dhambi. Mashabiki wa taarab asilia wanajua wimbo wa dakika 15 usiochosha hata kidogo, kwa kuwa beti zinalindwa na mizani na vina, na kinanda na fidla vinapewa nafasi ya kujibu. Tatizo la Last Kiss ni kwamba ubeti wa tatu unaleta picha zilezile za ubeti wa kwanza kwa mavazi mengine, halafu unarudia kiitikio ambacho hakijapata maana mpya. Enchanted una kasoro hiyo kwa kiasi kidogo, ila sauti za nyuma za mwishoni zinauokoa. Mwandishi aliye peke yake chumbani anapenda kila mstari wake. Hakuna mtu wa kumwambia: huu umeshausema.

Hapa inabidi kutaja jambo linalowapotezea watu masikio. Kuanzia albamu ya kwanza, Swift alikuwa akificha ujumbe ndani ya kijitabu cha maneno ya nyimbo kwa kutupia herufi kubwa mahali zisipostahili. Unaziokota moja moja, unapata sentensi. Mswahili wa pwani hahitaji kuelezwa mchezo huu. Ni fumbo la kanga, ni kijembe cha taarab: kila aliyepo ukumbini anajua nani karushiwa, na hakuna aliyetajwa. Tofauti ni kwamba kwetu uzuri wa fumbo hupimwa kwa lugha yake kwanza, na aliyerushiwa huja baadaye. Kwa Swift magazeti yaligeuza mpangilio huo. Dear John ikawa habari ya nani ni John, na kugeuka kwa kile kiwakilishi, ambako ndiko kulikokuwa sanaa, hakukuandikwa popote pa maana.

Kwa upande wa sauti na vyombo, mtu wa kumtaja ni Nathan Chapman. Alikuwa akimrekodia nyimbo za majaribio kwenye kibanda nyuma ya ofisi ya kampuni ya uchapishaji wa muziki, hajawahi kusimamia albamu, na Swift alipojaribishiwa maprodyuza wenye majina akarudi kwake. Wakaenda pamoja albamu tatu. Chapman alikuwa akipiga vyombo vingi mwenyewe, ndiyo maana rekodi hizo zina mkono mmoja: gitaa la akustika mbele, banjo ikitekenya kwa nyuma, ngoma za roki kwenye kiitikio. Mean wa 2010 ni mahali ambapo vyombo vya kantri havikuwekwa kama pambo la kuridhisha redio. Banjo, fidla na mandolini ndizo zinazobeba mapigo, na wimbo unakaa kwenye kimo cha sauti ya mazungumzo.

Kimo hicho kilikuwa uamuzi wa busara. Siku ile ya Grammy ya 2010 aliimba jukwaani pamoja na Stevie Nicks, mwimbaji mkongwe wa roki, akatoka nje ya noti, na lawama zikawa nyingi na za haki. Mean unamjibu mkosoaji aliyebeza uimbaji wake. Maneno yake yana utoto kidogo; muziki wake hauna. Ameuandika wimbo ndani ya sauti aliyonayo, beti zikiwa karibu na kusema, kiitikio kikipanda kidogo tu. Mwimbaji anayejitungia ana faida hiyo moja kubwa: anaweza kushona nguo kwa kiwiliwili chake. Wengi hawaitumii, wanajitungia noti za Whitney Houston kisha wanahangaika nazo jukwaani. Mean ulipata Grammy mbili Februari 2012, na aliuimba jukwaani usiku huohuo bila taabu.

Sasa lile deni la vitu kwenye rafu. All Too Well ulianza kwenye mazoezi ya ziara ya Speak Now. Swift alikuwa akizungusha kodi nne, bendi ikamfuata, akaanza kumwaga maneno, na fundi wa sauti akarekodi. Kilichopatikana kilikuwa kirefu na kimejaa kila kitu. Angekuwa kwenye kanuni ya 2010 angekipeleka hivyohivyo. Badala yake alimpigia simu Liz Rose, ambaye hawakuwa wamefanya kazi pamoja kwa muda, wakakipunguza. Rose amekuwa akisema miaka yote kwamba kazi yake kwa Swift ilikuwa zaidi ya uhariri, kuchuja, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Sikiliza wimbo uliotoka kwenye Red, albamu yake ya nne, Oktoba 2012, utaona alikuwa anasema kweli tupu.

Una dakika 5 na sekunde 28. Kodi ni C, G, Am, F, mwanzo hadi mwisho, hata kwenye briji. Ni zilezile za Tim McGraw, zimepangwa upya. Kwa mtunzi huu ni ujasiri, maana umejinyima njia rahisi ya kuonyesha kwamba briji imefika. Kinachobadilika ni ujazo. Gitaa linaanza karibu peke yake, ngoma zinakuja hatua kwa hatua, sauti inapanda kidogo kidogo, na kwenye briji kila kitu kimefunguka, maneno yamebanana, pumzi hakuna. Kisha ghafla kinashuka, ubeti wa mwisho unaimbwa kama mtu aliyechoka kulia.

Na kuna skafu. Ubeti wa kwanza anaisahau nyumbani kwa dada wa kijana. Inapita kama kitu kidogo, moja ya zile bidhaa za rafuni. Ubeti wa mwisho inarudi: kijana alimrudishia vitu vyake vyote isipokuwa skafu ile. Kitu kilekile, na sasa kinashuhudia kwamba kijana aliyeondoka pia anakumbuka. Kati ya mistari hiyo miwili kuna zaidi ya dakika tatu ambazo skafu haitajwi hata mara moja. Angeitaja katikati angeiua. Hiyo ndiyo kazi ya kalamu ya mhariri, na sidhani Swift wa Speak Now angeweza kujizuia.

Toleo la dakika 10 na sekunde 13 lililotoka tarehe 12 Novemba 2021, likafika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani, limempa kila mtunzi kitu adimu: kinachofanana na rasimu na kazi iliyokamilika, bega kwa bega. Wengi wanalipenda zaidi lile refu. Kama tukio, ni sawa. Kama wimbo, la mwaka 2012 ni bora. Lile refu lina beti zinazoeleza hasira ambayo fupi inaiacha ndani ya sauti, na linaendelea kuzungumza baada ya ubeti wa skafu, pale ambapo fupi inajua inabidi kunyamaza. Atakayetaka kujifunza achapishe maneno ya matoleo yote mawili, apige mstari kwenye kila kilichokatwa, na kando aandike sababu. Baadhi ya mistari iliyokatwa ni mizuri kuliko iliyobaki. Ilikatwa kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi ambayo mstari mwingine ulikuwa umeshaifanya.

Kwa jumla Red ina nyimbo 16, 9 kati yake za kwake peke yake. Idadi imeshuka kutoka 14 kati ya 14, na kwa hesabu ya kibubusa ni kurudi nyuma. Aliwaita Max Martin na Shellback, maprodyuza wa Uswidi, kwa nyimbo za pop, mtunzi Dan Wilson kwa wimbo wa Treacherous, akabaki na Chapman kwa zile zilizohitaji gitaa. Kila mmoja kwa kazi yake. Wapenzi wa kantri walikasirika zaidi pale wimbo wa We Are Never Ever Getting Back Together ulipotawala chati yao, baada ya Billboard kubadili kanuni za kuhesabu mwezi huohuo wa Oktoba 2012, na hasira yao ilikuwa ya haki, ila iliihusu Billboard. Wimbo wenyewe haukujidai kuwa wa kantri.

Albamu iliyofuata, 1989, alitangaza kwamba ni pop tupu, na kwa miaka kadhaa kantri alikaa nayo mbali. Anayetaka kujua alibaki na nini aruke hadi Julai 2020, albamu ya folklore, asikilize betty. Harmonika, gitaa la akustika, kijana wa miaka 17 anayeitwa James anayesimulia jinsi alivyomsaliti Betty majira ya kiangazi. Swift anaimba akiwa ndani ya mkosaji, tena mkosaji anayejitetea kitoto. Briji inamfikisha kwenye sherehe ya Betty bila mwaliko, na hapo ufunguo unapanda, kama ulivyopanda kwenye Love Story miaka 12 kabla. Muziki unasherehekea, sikio linasubiri pete. James amesimama kizingitini anaongea peke yake, na wimbo unakwisha Betty hajatamka neno.